Nani Aliyesema Mwalimu wa Handeni Hawezi Kuandika Amri?

Kuna dharau ambayo haitangazwi jukwaani wala haiandikwi katika taarifa za miradi, lakini imo ndani ya mafunzo mengi ya kompyuta yanayopelekwa wilayani. Ni dharau ya kuamua kwa niaba ya watu kwamba hawataweza. Mwalimu wa sekondari wa Handeni au Korogwe, mwenye shahada yake ya hisabati au fizikia, huketishwa mbele ya kompyuta yenye mfumo wa Linux, akaonyeshwa alama moja ya duka na kuambiwa: ukitaka programu, bofya hapa. Akiuliza lile dirisha jeusi la maandishi ni la nini, hujibiwa kwa upole wa mtu anayesema na mtoto: hilo achana nalo, ni la wataalamu. Makala haya nimeyaandika kulipinga jibu hilo.

Wasomaji wangu waliozoea kuniona nikijadili bajeti na uchaguzi watauliza siasa iko wapi hapa. Ipo tele. Siasa ni swali la nani anaamua, nani anaamuliwa, na nani anashika funguo. Kompyuta ya shule ni mali ya umma. Kama aliyekabidhiwa mali hiyo hawezi kuongeza kitu ndani yake, kukitoa, wala kujua kilichomo, basi amekabidhiwa sanduku, na mwenye mali yuko kwingine.

Swali hili limekuwa la haraka kwa sababu inayojulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya bure kwa Windows 10, na toleo lililofuata, Windows 11, limewekewa masharti ya vifaa ambayo kompyuta nyingi za zamani haziyafikii. Kompyuta zinazoletwa katika shule zetu kama msaada mara nyingi ni hizo hizo za zamani, zilizokwisha kutumika ofisini kwa watu wengine. Shule inabaki na njia tatu: kuendelea na mfumo usiolindwa, kuweka nakala ya wizi ya Windows iliyojaa virusi vya kurithishana kwa flashi, au kuhamia Linux. Njia ya tatu ndiyo ya halali, ya bure, na inayofaa mashine hizo. Lakini kuhamia Linux bila kujua namna programu zinavyoingia na kutoka ni sawa na kuhamia nyumba ambayo ufunguo wake umebaki kwa dalali.

Tuanze na msingi, ili tusibishane juu ya maneno. Katika Linux za ukoo wa Debian, ikiwamo Ubuntu, mtumiaji hahangaiki kuzurura mtandaoni kutafuta programu kwa watu asiowajua. Programu hufungwa katika vifurushi, na vifurushi huhifadhiwa katika maghala rasmi yenye mhuri wa kidijitali unaothibitisha kwamba hakuna aliyeyachezea njiani. Kifurushi kimoja huweza kutegemea vingine kumi. Chombo kinachojua nani anamtegemea nani, kinachovileta vyote kwa pamoja na kuviondoa bila kubomoa kingine, ndicho tunachokiita msimamizi wa vifurushi. Katika ukoo wa Debian, chombo hicho ni APT, kilichoingia katika toleo rasmi la Debian 2.1 mwezi Machi 1999, juu ya chombo cha zamani zaidi kiitwacho dpkg.

Watu wa Handeni hawahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Tangu miaka ya 1970 wanaujua mradi wa maji wa HTM, unaochota maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kupandisha Handeni. Wanajua tofauti ya chanzo, pampu, bomba kuu, na koki ya mwisho. Wanajua pia, kwa miaka mingi ya kubeba ndoo, kwamba kuwa na koki ukutani si kuwa na maji. Ghala la vifurushi ni mto. APT ni pampu na bomba kuu. Duka la programu lenye picha na nyota za kusifia ni koki. Koki ni kitu kizuri, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu anayemfundisha mwenzake kufungua koki tu, kisha siku maji yasipotoka anamwambia asubiri fundi kutoka mjini.

Njia za kumwagiza msimamizi wa vifurushi ni mbili. Ya kwanza ni ya dirisha: unafungua programu yenye picha, unatafuta, unabofya, unasubiri. Ya pili ni ya amri: unafungua terminali na kuandika unachotaka. Ukitaka orodha mpya ya vilivyomo ghalani, unaandika sudo apt update. Ukitaka Kalzium, programu ya kufundishia jedwali la elementi, unaandika sudo apt install kalzium. Ukitaka kuiondoa, neno install unaliandika remove. Neno sudo mwanzoni lina maana kwamba unaomba kutenda kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine. Hilo ndilo "somo la wataalamu" ambalo mwalimu wa kemia anaambiwa haliwezi.

Hoja yangu ya kwanza ni ya umbali. Barabara ya Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65. Anayejua mara nyingi yuko upande mmoja na mwenye tatizo yuko upande wa pili, kama si Tanga mjini au Dar es Salaam. Katika hali hiyo maarifa husafiri kwa simu. Sikiliza basi mazungumzo ya njia ya dirisha: "Mwalimu, juu kulia unaona kitufe cha kijani?" "Sioni kaka, huku kwangu kimeandikwa kitu kingine." "Basi jaribu vile vistari vitatu." "Vistari vipi?" Dakika ishirini zimekwenda, salio limekwenda, na mwalimu ameanza kuamini kwamba tatizo ni yeye. Njia ya amri ina ujumbe mfupi mmoja: andika hivi, kisha nitumie kilichojitokeza. Mwalimu anaandika, ananakili jibu, analituma. Fundi wa Korogwe anasoma kile kile kilichosomwa Handeni, neno kwa neno.

Picha humtaka anayejua awepo ili anyooshe kidole, ilhali maandishi huenda peke yake. Amri hutumwa kwa simu ya batani, huandikwa ubaoni na katika daftari, hubandikwa ukutani, na mwanafunzi wa kidato cha tatu huinakili akaenda nayo. Ustaarabu wote wa elimu umejengwa juu ya ukweli huo, kwamba kilichoandikwa hakimhitaji mwenyewe awepo. Leo, kwa jina la kurahisisha, tunawarudisha walimu wetu katika zama za kumfuata mganga aliko.

Hoja ya pili ni ya kudumu. Ubuntu ilileta duka lake lililoitwa Ubuntu Software Center katika toleo la Oktoba 2009. Aprili 2016 duka hilo likaondolewa, likaja jingine lililotokana na GNOME Software. Oktoba 2023 likaja la tatu, App Center, lenye sura nyingine kabisa. Mwalimu aliyefundishwa mwaka 2010 mahali pa kubofya amelazimika kujifunza upya mara mbili, na kila mara kijitabu chenye picha za skrini kikageuka karatasi ya kufungia maandazi. Katika muda huo wote apt-get install imebaki apt-get install. Tangu 1999! Daftari la mwanafunzi aliyeandika amri hiyo kabla Ubuntu haijazaliwa bado ni sahihi leo. Katika nchi ambayo semina moja ya walimu ikifanyika haijulikani ya pili itakuja lini, ni ubadhirifu kutumia fedha ya umma kufundisha mahali kitufe kilipo mwaka huu.

Hoja ya tatu ni ya mfuko. Neno kifurushi limepata maana mbili katika Kiswahili cha Tanzania, na kwa mwalimu wa wilayani maana hizo zinagongana kila siku. Kifurushi cha programu kinaingia kwa kula kifurushi cha simu, yaani bando. Hatujasahau kelele za Aprili 2021, bei mpya za mabando zilipoanza kutumika na Serikali ikalazimika kuzisitisha upesi. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa kipimo, swali la kwanza kuhusu programu yoyote ni: itakula kiasi gani?

Amri hujibu swali hilo kabla ya kutenda. Ukiandika apt install na kifurushi hicho kikahitaji kuvuta vingine, msimamizi hukuorodheshea vyote vitakavyokuja, hukueleza ni megabaiti ngapi zitapakuliwa na nafasi gani itatumika kwenye diski, kisha husimama na kukuuliza: niendelee? Unaweza kusema hapana bila kupoteza kitu. Duka lenye picha, kwa upande wake, lazima kwanza lipakue mapambo yake, yaani picha za skrini, nembo na maoni ya watu, ndipo uone unachokitaka. Zaidi ya hayo, vifurushi vya aina ya snap, ambavyo App Center huvitanguliza, vimepangwa kukagua masasisho yao mara 4 kwa siku na kujisasisha vyenyewe. Kwa mtu wa Stockholm hiyo ni huduma. Kwa mwalimu aliyewasha intaneti ya simu yake binafsi ili maabara ya shule ipate mtandao, ni mkono ndani ya mfuko wake. Kuuzuia mkono huo kunawezekana, nako hufanyika kwa amri: sudo snap refresh --hold. Aliyefundishwa dirisha tu hajui hata kwamba mkono umo.

Namfahamu mwalimu mmoja wa Korogwe ambaye shule yake ilipokea kompyuta ishirini za aina moja, zenye toleo moja la Linux. Hakuwa na bando la kulisha mashine ishirini, wala hakuna mwenye akili angelinunua. Alitumia mashine moja, akaandika apt-get install --download-only pamoja na majina ya programu alizozitaka. Vifurushi vikapakuliwa vikatulia katika folda ya /var/cache/apt/archives bila kusakinishwa. Akavihamishia kwenye flashi, akapita mashine moja hadi nyingine akiandika sudo apt install ./*.deb. Intaneti ikalipiwa mara moja, mashine ishirini zikala. Hakusoma uhandisi wa kompyuta popote. Alikuwa na karatasi yenye mistari sita.

Jaribu sasa kufanya hivyo kwa kubofya. Ubuntu 24.04 ilipotoka Aprili 2024, App Center yake haikuweza hata kusakinisha faili la deb ulilonalo mkononi. Ulibofya, ukabaki ukitazama. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye, lakini somo lake halirekebishiki: waliotengeneza duka hawakumfikiria mtu mwenye flashi. Walimfikiria mtu aliye ndani ya intaneti saa zote, kama wao. Kila dirisha limebuniwa na mtu, na mtu huyo ana sura fulani ya mtumiaji kichwani mwake. Sura hiyo si ya Handeni.

Haki yenyewe inanilazimu kutaja dirisha moja lililo tofauti. Synaptic, iliyoanzia katika kampuni ya Conectiva ya Brazili mwaka 2001, ni programu ya picha isiyomficha mtumiaji kitu. Inaonyesha kila kifurushi, toleo lake, na vinavyokitegemea. Tena inaweza kukuandalia orodha ya kupakua, ukaipeleka kwenye mashine yenye intaneti mahali pengine, ukarudi na vifurushi na kuvisakinisha nyumbani. Waliobuni kitu hicho walijua maana ya mtandao wa kubahatisha. Ubuntu iliiondoa Synaptic katika usakinishaji wake wa kawaida mwaka 2011, ingawa bado imo ghalani kwa anayeijua. Naitaja ili ieleweke kwamba sipigani na picha. Napigana na kumficha mtu kinachotendeka.

Hapo ndipo ilipo hoja ya nne, ya ushahidi. Dirisha likishindwa, mara nyingi husema tu kwamba kuna hitilafu, jaribu tena baadaye. Amri ikishindwa husema ni kifurushi gani, kwa sababu gani, na mara nyingine hupendekeza ufanye nini. Na yaliyotendwa kupitia APT huandikwa katika faili la /var/log/apt/history.log, pamoja na tarehe na saa. Mkuu wa shule anaweza kulisoma faili hilo na kujua nini kiliingizwa na nini kiliondolewa, na lini. Sisi tunaolalamikia kila mwaka ukaguzi wa hesabu za umma tungepaswa kuipenda kompyuta inayojiandikia kumbukumbu zake.

Wapinzani wangu wana mfano wanaoupenda, nami nautaja kabla hawajautaja. Novemba 2021, Linus Sebastian, mtangazaji wa Kanada anayefuatiliwa na mamilioni, alijaribu kusakinisha programu ya michezo iitwayo Steam katika Linux ya aina ya Pop!_OS. Akaandika amri, akaandika pia sentensi nzima ya kuthibitisha, na mashine ikafuta mazingira yake yote ya madirisha. "Mnaona?" wanasema. "Kama yeye yamemkuta, mwalimu wa kijijini je?" Lakini wanaisimulia hadithi kuanzia katikati. Sebastian alianza na duka la picha, likamkatalia bila kumweleza sababu iliyoeleweka. Ndipo akaenda kwenye terminali, nayo ikamworodheshea vifurushi vya msingi vitakavyoondolewa, ikamwonya kwamba jambo hilo lina hatari, ikamtaka aandike kwamba anajua atendalo. Hakusoma. Kasoro ya kifurushi ilikuwa ya watengenezaji, na baadaye APT yenyewe ikabadilishwa ili jambo kama hilo lisipite kirahisi. Fundisho la kisa hicho ni kwamba watu wafundishwe kusoma kabla ya kukubali. Tangu lini dawa ya mtu asiyesoma ikawa kumwondolea maandishi?

Sasa nije kwenye hoja kuu ya wenye dharau: watu wetu hawawezi kuandika amri. Anayesema hivyo hajawahi kusimama soko lolote la Tanzania. Mama anayeuza nyanya Chanika anabonyeza *150*00# bila kuitazama simu. Hakuna picha wala rangi. Kuna nyota, tarakimu na alama ya reli, kisha namba ya chaguo, namba ya mpokeaji, kiasi, namba ya siri. Akikosea tarakimu moja fedha inakwenda kwa mtu asiyemjua, naye analijua hilo, na kwa sababu hiyo husoma jina kabla ya kuthibitisha. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na mamilioni ya watu wakajifunza lugha hiyo bila semina, bila posho, bila mtaalamu wa kuwaambia kwamba ni ngumu. Walijifunza kwa kuwa ilikuwa na faida kwao na kwa kuwa hakuna aliyewazuia. Mtu anayetuma fedha ya ada ya mtoto kwa tarakimu kumi na mbili, leo aambiwe apt install ni ngumu?

Wako wanaosema kizuizi ni Kiingereza. Hii ni hoja ya heshima zaidi, nami naijibu kwa heshima. Ni kweli kwamba install na remove ni maneno ya Kiingereza. Lakini ni maneno machache, hayazidi kumi kwa matumizi ya kawaida, na Kiswahili hakijawahi kuogopa maneno kumi. Gereji za Korogwe zimejaa klachi, gia, na breki, na hakuna fundi aliyeshindwa kufungua injini kwa sababu ya asili ya majina hayo. Tena tuwe wakweli: maelezo marefu ya programu katika madirisha hayo nayo mara nyingi ni ya Kiingereza, na ni mengi kuliko maneno kumi.

Tukitaka Kiswahili kiingie humo, historia inaonyesha kwamba tunaweza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kiofisi katika Kiswahili. Ni mwaka ule ule Ubuntu ilipotoka kwa mara ya kwanza, ikiwa na jina la Kibantu, ndugu wa neno letu utu. Ujumbe wa APT nao ni maandishi ya kawaida yanayotafsirika. Yametafsiriwa hata kwa Kidzongkha, lugha ya taifa ya Bhutan, nchi yenye watu wasiofika milioni moja. Vyuo vyetu vimejaa wanafunzi wa isimu na wa TEHAMA wanaohangaika kutafuta mada za tasnifu. Kazi ipo, nayo haihitaji mfadhili.

Nimeacha mwisho jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni nywila. Neno sudo halifanyi kazi bila nywila ya msimamizi. Katika maabara kadhaa za shule nilizozitembelea, ambazo sitazitaja, mwalimu wa kompyuta hakuwa na nywila hiyo. Anayo fundi aliyesakinisha mashine, au mwakilishi wa mradi aliyekwisha kuhama. Sababu inayotolewa ni ile ile: wasije wakaharibu. Matokeo yake, kuongeza programu moja ya bure kunasubiri fundi asafiri, alipwe nauli na "maji ya kunywa", aketi dakika kumi, aandike mstari mmoja mgongo wake ukiwa umeiziba skrini, kisha aondoke. Nani anafaidika na mpango huu? Si mwalimu, wala si mwanafunzi. Mwenye nywila ndiye mwenye kompyuta, hata kama kwenye daftari la mali imeandikwa jina la shule.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akishambulia elimu ya kikoloni iliyowaandaa Waafrika kuwa makarani wa kuhudumia mfumo wasiouongoza. Nikitazama silabasi zetu nyingi za kompyuta, namwona karani yule yule amerudi, safari hii ameshika kipanya. Anajua kufungua, kuandika barua, kuhifadhi, na kufunga. Hajui programu ilitoka wapi, nani aliithibitisha, itaondokaje. Tumemfundisha kutumia bila kutawala, tukaita huo ni ujuzi wa karne ya 21.

Sitaki kueleweka vibaya. Dirisha lina mahali pake. Anayeanza leo, asiyejua hata jina la programu anayoitafuta, atasaidiwa na duka lenye picha kuliko na terminali tupu. Mwalimu mwenye haraka na intaneti ya kutosha ana haki ya kubofya. Ninachokipinga ni dirisha kuwekwa mahali pa mlango, kisha mlango ukafungwa kwa kufuli na aliye ndani akaambiwa kwamba amerahisishiwa maisha.

Ninachodai ni mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti ya kutisha.

La kwanza, kila mafunzo ya Linux kwa walimu yatenge walau saa mbili za amri: kusasisha orodha, kutafuta, kusoma maelezo, kusakinisha, kuondoa, na kupakua bila kusakinisha. Amri sita, maelezo yake kwa Kiswahili, katika ukurasa mmoja wa kubandika ukutani.

La pili, nywila ya msimamizi ikabidhiwe shule kwa maandishi siku ile ile mashine zinapokabidhiwa. Atakayeharibu atajifunza kurekebisha, kama ambavyo hatumnyimi mwalimu wa kemia ufunguo wa maabara kwa kuogopa kwamba atavunja chupa.

La tatu, nakala ya ghala la programu za elimu iwekwe karibu na shule. Diski moja katika chuo cha ualimu kilichopo Korogwe, inayosasishwa kila muhula, ingehudumia shule za wilaya zote mbili. Mwalimu wa Handeni anayekwenda Korogwe kwa shughuli zake angerudi na flashi iliyojaa. Maji ya Pangani tunayasukuma kwenda Handeni kwa gharama kubwa ya umeme. Maji haya mengine yangekwenda mfukoni mwa abiria wa basi.

La nne, waandaaji wa mafunzo waache kuamua uwezo wa watu kabla ya kuwajaribu. Wapeni walimu amri sita kwa siku moja, kisha waulizeni wenyewe wapi wamekwama. Majibu yao ndiyo yatakayotufaa kuandika kijitabu cha pili, na nina hakika hakuna hata mmoja wao atakayeandika kwamba angependa kurudishiwa fundi wa nauli.